Neno Lenye Nyota

La Rochelle, Johannesburg

Mama yangu,

Jambo sana. Nakusalimu wewe kwanza, halafu mguu wako wa kushoto, maana najua huo nao unataka salamu yake. Je, bado unavimba ukikaa sana sokoni? Ile dawa ya kuchua niliyoituma kwa mkono wa Mjomba Byamungu ilikufikia, au iliishia kwenye magoti yake mwenyewe? Paa la jikoni lilizibwa kabla ya mvua? Na Sifa wangu, kikohozi kimemwacha? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, cherehani inazunguka. Moyo ndio sijui niseme uko wapi, na ndiyo maana nimekaa kuandika.

Mjomba alifika hapa kununua mablanketi na viatu vya kwenda kuuza huko kwetu. Alikaa juu ya meza yangu ya kukatia nguo, ingawa kiti kilikuwepo, akaniambia: "Weye Zawadi, mama yako anataka neno moja tu. Safari ijayo nimulete mutoto, ao nisimulete? Alishakunja manguo yake. Iko mu sakoshi nyuma ya mulango."

Mama, picha ya sakoshi hiyo, begi lililofungwa nyuma ya mlango, haijanitoka. Tangu Baba Sifa atutoke na mimi nikapanda basi kuja huku, ahadi yangu ilikuwa moja: nikishapata chumba na kazi, mtoto atakuja. Chumba ninacho. Kazi ninayo. Basi jibu lako liko mwisho wa barua hii. Nakujua, utavaa miwani uende moja kwa moja kwenye mistari ya mwisho, lakini nakuomba usiruke. Ukilisoma peke yake utanichukia. Na tafadhali isome mwenyewe, usimpe Sifa akusomee.

Unalalamika kwamba sipokei simu. Kwamba mtoto ananitumia sauti yake na mimi namjibu kwa maandishi kama karani wa ofisi. Ni kweli. Sauti yake ya mwisho ninayo hapa: "Mama, kila siku unaandika tu. Sauti yako uliipeleka wapi?" Niliisikiliza simu nikiwa nimeigandamiza sikioni ili jirani wa chumba cha pili asisikie Kiswahili. Sikumjibu. Mama, huyu mwanao uliyekuwa unamwita redio, uliyemchapa kwa kuongea kanisani, huku amekuwa bubu.

Usishtuke, ulimi ninao. Ngoja nikueleze.

Ilianza kama inavyoanzaga huku. Kwanza maneno ya watu barabarani, halafu picha kwenye simu. Soweto walivunja spaza, viduka vya mtaani, za wageni, wakabeba mpaka mafriji. Kisha tukasikia mjini. Kisha dada mmoja wa Bukavu aliyekuwa anasuka nywele hapa jirani akafunga saluni, akahama bila kuaga mtu. Sisi wote, Wakongo, Warundi, Watanzania, wanatuita jina moja, makwerekwere. Wanasema ndivyo maneno yetu yanavyolia masikioni mwao: kwere, kwere, kwere. Wakikutilia shaka wanakuuliza kitu kidogo kwa Kizulu, halafu wanakusikiliza. Sura yangu haina shida, sura yangu inaweza kuwa ya Limpopo, mkoa wa huku huku. Ulimi ndio unaonitoa nje.

Siku moja akaingia mteja nisiyemjua, akaniuliza swali kwa haraka, na wanaume wawili walikuwa wamesimama mlangoni wanasikiliza. Sikupanga chochote. Nilijikuta nagusa midomo na kutikisa kichwa. Yule mama akasema, "Hawu, shame," akanipigapiga begani, akaanza kunionyesha kwa vidole anachotaka. Wale wanaume wakaenda zao. Kuanzia hapo nikawa bubu wa mtaa. Kwa Kizulu wananiita isimungulu.

Na utacheka, Mama, kazi iliongezeka. Bubu hasengenyi, basi wanawake wanakuja kusengenya mbele yangu huku nimejaza pini mdomoni. Nazijua siri za nyumba zote kuanzia kwangu mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani. Nilikuwa natamani kuchangia mpaka jasho linanitoka! Wewe unajua kwangu kunyamaza ni ugonjwa. Lakini nilinyamaza dukani, nikanyamaza kwenye bomba la maji, nikanyamaza hata chumbani, kwa sababu kuta za huku ni nyembamba na sikujua nani ataambia nani. Ndiyo maana simu ikawa inalia tu.

Mwenye nyumba peke yake ndiye aliyejua. Unamkumbuka Mzee Karel, yule mzungu mwembamba niliyekuambia anapaka kitunguu saumu kwenye mkate kila asubuhi. Duka langu ni gereji yake, na chumba changu kiko uani kwake. Anatoka katikati ya Ulaya. Kwao alikuwa anasomea maneno, yaani maneno yalikotoka na yanakokwenda, kama wengine wanavyosomea udaktari. Wanajeshi wa kigeni walipoingia nchini kwao alikimbia akiwa kijana, akaishia huku, akachora ramani katika ofisi za migodi mpaka akastaafu. Maneno hayakumtoka. Anakaa nayo jikoni kama wazee wengine wanavyokaa na redio ya mpira.

Asubuhi moja alinisalimia kwa sauti kama kawaida yake, mimi nikainama tu, maana kulikuwa na wateja. Walipoondoka akaja.

"Umefanya nini?" akaniuliza.

Nikamweleza kwa kunong'ona. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alirudi ndani, akaja na karatasi ameandika neno hili, nalinakili kama alivyoliandika: *němьcь. Usihangaike kulisoma. Hiyo herufi ya mwisho hata yeye anasema ni pumzi fupi tu.

Alianza na ile nyota. Katika vitabu vyao, neno lenye nyota mbele yake ni neno ambalo hakuna aliye hai aliyewahi kulisikia, na hakuna karatasi ya kale lilikoandikwa. Watu waliolisema waliishi zamani sana, hawakuandika, halafu wakatawanyika. Basi wataalamu wanawakusanya watoto wake, yaani maneno ya lugha za leo, wanawatazama sura, wanasema: mama yenu lazima alifanana hivi. Nikamwambia hiyo naielewa vizuri. Bibi yako wewe, Mama, hakupigwa picha hata moja, lakini pua yako na ya Mjomba na ya Sifa ni pua moja, na kila mtu Uvira anajua ilitoka kwa nani. Mzee Karel alifurahi mpaka akakohoa.

Neno lenyewe limetoka kwenye neno lao la bubu. Mababu zake walipokutana na majirani ambao hawakuelewana nao kwa lugha, walisema hawa hawasemi. Wao walijiita watu wa neno, wale wengine wakawaita mabubu. Akanitajia watoto wa neno hilo kwa vidole: kwao ni Němec, kwa Wapolandi ni Niemiec, kwa Warusi nemets, kwa Waserbia Nemac, na kote huko leo maana yake ni Mjerumani. Warusi wa zamani walimwita hivyo karibu kila mgeni wa kutoka magharibi. Na halikubaki kwenye ukoo. Wahungaria, ambao lugha yao haina undugu na hizo, waliliazima wakasema német. Waromania wakasema neamț. Waturuki walilibeba, likafika kwa Waarabu, na mpaka leo Waarabu wanaiita nchi ya Austria Namsa, nchi ya mabubu, wala hawana habari. Wapo wataalamu wanaobisha, wanasema lilitokana na jina la kabila fulani. Yeye hawakubali. Anasema hata hilo neno la bubu huenda lilianza kwa kuiga mtu anayemung'unya: mem, mem, mem.

"Kwere, kwere, kwere," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema. "Hivyo hivyo." Halafu uso wake ukabadilika. "Lakini hao walioitwa mabubu walikuwa wanasema, Zawadi. Walisema kwao, waliimba, waliwagombeza watoto wao. Wewe umechukua tusi la watu ukalivaa. Usifanye hivyo."

"Nitakula nini nikisema?"

Alikunja karatasi, akaniwekea chini ya mkasi, akaenda zake. Nilikasirika. Mzungu akitembea barabarani nani anamuuliza kitu kwa Kizulu?

Sasa nikuambie habari za MaDlamini. Ni mama wa makamo kama wewe, mnene, sauti ya tarumbeta, anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Nilikuwa namshonea sare ya umoja wa wanawake wa kanisa lake, blauzi ya zambarau yenye kola nyeupe. Huyu aliponiona sisemi hakuridhika kunipigapiga begani. Alikuja na wenzake wa maombi. Walinizunguka dukani, wakaniwekea mikono kichwani na kooni, wakamlilia Mungu aufungue ulimi wangu. Mama, nilitaka ardhi inimeze. Wanawake wale walilia machozi ya kweli, na mimi nimekaa katikati yao na uongo wangu, siwezi hata kusema amina. Wakarudi tena, na tena. Kila walipoondoka nilijiambia kesho nitamwambia ukweli, na kila kesho nikaona heri nisubiri mambo yatulie.

Hayakutulia. Siku waliyokuja wavunja maduka, MaDlamini alikuwa amesimama dukani kwangu amevaa ile blauzi nusu, mkono mmoja umeunganishwa, mwingine bado, pini kila mahali. Tulisikia filimbi kwanza. Halafu wimbo wa wanaume wengi, na mabati yanayogongwa. MaDlamini alichungulia, akarudi, akasema neno moja: "Thula." Maana yake nyamaza. Akamwambia bubu anyamaze, na mimi kwa hofu sikulitambua hilo siku ile.

Niliukimbilia mlango wa gereji niushushe, lakini ulikwama kama kawaida yake. Waliingia wengi kuliko nafasi ya duka. Aliyewaongoza hakuwa kijana. Ni mtu wa umri wa Mjomba, ndevu zina mvi, ameshika fimbo nene. Aliuliza duka ni la nani.

"Ni la fundi wangu," MaDlamini akasema. "Bubu wa watu. Mtoto wa Limpopo. Mnataka nini kwa bubu?"

"Anayo karatasi ya kukaa nchini?"

"Mimi ndiye karatasi yake! Nimekaa mtaa huu kabla hujaota ndevu."

Mzee Karel alikuwa amefika kwenye mlango wa nyuma, anarudia kwa Kiingereza kwamba nyumba ni yake. Hakuna aliyemsikiliza. Kijana mmoja alishavuta kitambaa kwenye rafu. Yule wa fimbo akanisogelea, anataka kuniuliza mimi mwenyewe, uso kwa uso. Nilikuwa nimesimama nyuma ya cherehani. Nikasema kimoyomoyo, Zawadi, bubu, bubu, bubu.

Hakuona waya wa pasi. Mguu ukanasa, akaanguka mzima mzima, goti likagonga chuma cha cherehani, fimbo ikaruka kule. Lilikuwa goti la mtu mzima, Mama, lilitoa mlio mbaya.

Na mimi nikasema, "Pole! Pole, Papa, pole sana!"

Nilisema kwa sauti yangu yote. Na mikono ilikuwa imeshamshika kiwiko namwinua. Wewe ndiye uliyenilea hivi. Mtu akijikwaa, hata awe mwizi anayekimbia na kuku wako, neno hilo linatoka kabla hujamwona ni nani. Nani huku angefanya kosa la namna hii? Yule mzee alikuwa bado ananiegemea. Aliinua uso.

"Umesema nini?"

Nilijua nimekwisha. Nilimfikiria Sifa na sakoshi yake. Sikufikiria kingine.

Ndipo MaDlamini alipopiga ukelele ambao sijawahi kuusikia. "Isimungulu sikhulumile! Haleluya! Bubu amesema!" Alitupa mikono juu, pini zikamchoma, akazidi kupiga kelele. Akapiga magoti katikati ya wanaume, akaanza wimbo wa kanisani, na kwa watu wa huku wimbo wa kanisani ukianzishwa ni vigumu midomo kukaa kimya. Wawili watatu walioko nyuma waliitikia bila kujua. Mmoja alivua kofia.

"Hiyo ni lugha gani?" yule mzee aliuliza.

"Unamuuliza Roho Mtakatifu lugha?" MaDlamini akamfokea. "Umeanguka mbele ya muujiza, mkono wake umekuinua, na unauliza lugha!"

Yule mzee alinitazama kwa muda. Alikuwa karibu sana, niliona macho yake mekundu na uchovu wake. Sijui aliamini nini. Alisugua goti. "Liseme tena," akaniambia taratibu.

"Pole," nikasema.

Akatikisa kichwa, hakuomba fimbo yake, akatoka akichechemea. Wengine wakamfuata. Walikwenda kwenye duka la simu la pale kona, Mama, na huko hakukuwa na MaDlamini. Duka lile liliungua. Mwenyewe alitoka mzima kwa dirisha la nyuma, lakini usidhani nakuandikia habari ya ushindi.

Walipotoweka, nikakaa chini kwenye vipande vya nguo. MaDlamini akanyamaza ghafla kama redio iliyozimwa. Akaanza kuchomoa pini mwilini mwake.

Nikamwambia kwa Kizulu changu kibovu: "Mama, nisamehe. Mimi si bubu."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Ukipiga pasi midomo yako inaimba. Bubu gani anaimba nyimbo zenye maneno?"

"Basi mbona mliniombea?"

"Tuliomba ulimi wako ufunguke," akasema. "Haukuwa umefungwa?" Halafu akanielekezea pini puani. "Sasa sikia. Nimewaambia wale watu wewe ni bubu, halafu nimewaambia umepona. Kurudi kwenye ububu hakuna tena, utanifanya mimi mwongo mbele ya mtaa. Jumapili unakuja kanisani, unasimama, unasema."

"Nitasema nini?"

"Hilo si langu. Langu lilikuwa kupiga kelele."

Mzee Karel alikuwa ameokota ile fimbo, hajui aiweke wapi. MaDlamini alipoondoka, tulifagia pamoja. Ndipo aliponijibu lile swali langu la nitakula nini nikisema, bila mimi kuuliza tena. Mama yake, Mama, alikuwa mmoja wa hao wanaoitwa mabubu. Baba alikuwa wa watu wa neno, mama alikuwa Mjerumani wa mpakani. Vita vilipokwisha, Karel akiwa mtoto mdogo, watu wa lugha ya mama yake walikuwa wanatolewa majumbani na kupelekwa kwenye treni, wazee na watoto wote. Na hakuna aliyewaonea huruma, kwa sababu ya mabaya makubwa yaliyofanywa na wenye lugha hiyo. Baba yake alimficha mke kwa njia moja. Aliwaambia majirani kwamba mabomu yamemnyima sauti. Mke akawa bubu barabarani. Halafu akawa bubu nyumbani, maana mtoto anaweza kuropoka. Hatari ilipopita, walimwambia sasa sema. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akimpikia mwanawe, akimfulia, akimkumbatia, bila neno.

"Mama alituokoa," Mzee Karel alisema. "Sijawahi kumlaumu. Lakini najua aliniimbia nilipokuwa mchanga, kwa sababu baba aliniambia. Nimetafuta maisha yangu yote, Zawadi. Maneno ambayo hakuna mtu aliyeyasikia nayajua kwa mamia. Sauti ya mama yangu siikumbuki."

Nilikwenda chumbani nikasikiliza sauti ya Sifa tena, safari hii bila kuigandamiza sikioni. Nililia, Mama. Nililia kwa sauti, na jirani akagonga ukuta, na sikujali.

Jumapili nilikwenda. Nilisimama mbele, MaDlamini pembeni amevaa blauzi yake iliyokamilika. Nilikuwa nimeambiwa niseme muujiza kwa kifupi. Nikasema: "Jina langu ni Zawadi. Natoka Uvira, Kongo. Sikuwa bubu, nilikuwa naogopa. Nina mtoto anaitwa Sifa." Nilisema Kizulu pale nilipoweza, Kiingereza pale niliposhindwa, na jina la mtoto nililisema mara mbili. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja alinyanyuka akatoka nje na mtoto wake, na mpaka leo hanisalimii. Wengine walikuja kunishika mkono. Mchungaji aliomba haraka haraka akaendelea na matangazo.

Sasa mtaa mzima unajua. Wateja wengine wamehama, wengine wamebaki na wamejifunza kupunguza umbea. Juzi nilikuta mtu ameandika lile jina letu kwa rangi kwenye mlango wa gereji. Mzee Karel alitaka kulipaka rangi juu, nikamwambia aliache kidogo, nina hasira nalo, nalisoma kila nikifungua. Nikisikia filimbi ya mlinzi wa magari, mwili bado unaruka. Siwezi kukuahidi kwamba hawatarudi.

Basi jibu lako, Mama. Ni hapana. Mjomba asimlete Sifa safari ijayo.

Usiseme simtaki mtoto wangu. Hofu yangu kubwa si wale wanaume wa fimbo. Najiogopa mimi mwenyewe. Najua kitu cha kwanza nitakachokifanya akishuka kwenye basi, kwa sababu nimeshakiona mara nyingi kichwani. Atanikimbilia akipiga kelele "Mama!" mbele ya watu wote, na kabla ya kumkumbatia nitamziba mdomo kwa mkono. Mtoto huyo anayesalimia mpaka mbuzi wa jirani! Kesho yake nitamfundisha kugusa midomo na kutikisa kichwa. Atajifunza haraka, ana akili. Na siku nitakapomwambia sasa sema, nitakuwa nimechelewa. Siku nitakayoweza kusimama kituoni nikajibu kelele zake kwa kelele zangu, ndiyo siku atakayokuja, na ikishindikana nitarudi mimi, na karatasi zangu zife huku.

Wewe mwambie kwa namna unayojua. Ile sakoshi muifungue pamoja, usimwache aifungue peke yake.

Nilikuwa nimeshamshonea sare ya shule ya huku, gauni la kijivu. Nimempa mjukuu wa MaDlamini. Mjomba anakuletea sare ya shule ya huko kwetu, blauzi nyeupe na sketi ya bluu. Sikuwa na vipimo, nimekadiria kwa ile picha ya Pasaka, na nimeacha pindo kubwa chini. Akirefuka, fungua pindo.

Nisalimie Mama mkubwa muuza ndagala, mwambie hata huku hakuna anayenishinda kuongea tena. Msalimie kaka Amani fundi pikipiki, apunguze mwendo. Msalimie mwalimu wa Sifa, na mchungaji wetu, na yule jirani mwenye mbuzi anayesalimiwa. Mzee Karel anakusalimu kwa lugha yake, nimeshindwa kuiandika. MaDlamini anakusalimu kwa kelele.

Ungeniuliza kwa nini sikupiga simu nikakuambia yote haya. Kwa simu ungelia, na mimi ningesema ndiyo. Lakini siku Mjomba atakapokukabidhi barua hii, jioni yake simu italia. Usipokee wewe. Mpe Sifa. Mwambie asiniulize chochote kwanza, atulie tu, aweke simu sikioni.

Nitaanza mimi.

Mwanao, redio yako,
Zawadi